Hedifoni za Mama na Kopo la Samli

Waya mzuri kuliko wote mjini Garissa ulikuwa umelala chini bure, na hakuna aliyethubutu kuuokota. Ulikuwa waya wa simu wa jeshi, nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja na kuvikwa gamba jeusi. Wanajeshi waliutandaza kutoka kambini hadi darajani, juu ya mchanga na miiba, na mahali pengine katikati ya mazizi ya watu. Ulipokatika walitandaza mwingine, na vile vipande vya zamani vikabaki vimetapakaa. Watoto walikatazwa kuvigusa. Aliyekutwa na kipande cha waya ule nyumbani kwake aliitwa mkata simu, na mkata simu aliitwa shifta, yaani mwasi, na baada ya neno hilo hakuulizwa swali jingine.

Mimi niliutamani waya ule. Nilipokuwa nikienda mtoni na punda nilikuwa nautazama njia nzima, maana nilikuwa fundi wa redio na nilijua nilichokuwa nakitazama. Najua wapo watakaosema kwamba mwanamke wa Kisomali wa miaka ile hakuwa fundi wa redio. Waseme. Baba yangu alikuwa mpiga simu za upepo katika jeshi la mkoloni, akarudi kutoka vita vya wazungu na sanduku la vifaa, hedifoni nzito za chuma, na macho yaliyokuwa yanafifia. Alipofika hali ya kutoiona tena ncha ya waya, alinikalisha mezani, akanipa chuma cha kulehemu, na mikono yangu ikafanya kazi ya macho yake. Alifariki kabla bendera haijabadilika. Redio mbovu ziliendelea kuletwa. Wanaume waliona haya kuzileta wenyewe, wakawa wanawatuma wake zao, nami nikazitengeneza bila kuuliza ni za nani.

Kwetu tulikuwa na redio moja ya transista, na mwenye nayo alikuwa mama. Homa ilimharibu masikio akiwa bado msichana, na kila mwaka yalizidi kufifia. Kwa hiyo kinobu cha sauti cha redio yetu kilikuwa na mahali pamoja tu, napo ni mwisho. Mtu akijaribu kukirudisha nyuma, mama alimtazama kama anayemwondolea chakula mdomoni.

Wala hakuna jirani aliyelalamika. Kwetu habari ni deni la kila aliye nayo. Wafugaji wawili wakikutana porini, salamu zikiisha, mmoja humwuliza mwenzake, "Warran?", yaani, toa habari. Naye aliyeulizwa hana ruhusa ya kubana. Atasema mvua imenyesha wapi, kisima gani kimekauka, nani kafiwa, nani kaoa, askari wamepita wapi. Anayeficha habari ni mchoyo kuliko anayeficha maziwa. Basi redio ya mama ililia kwa mtaa mzima. Baada ya sala ya alasiri wanawake walikuja na kazi zao za kusuka mikeka ya kuezekea, wakaketi kwenye kivuli cha nyumba yetu, na vidole vikafanya kazi huku masikio yakila. Sikio halilali na njaa, ndivyo wasemavyo Waswahili, na hapo wamesema kweli.

Lakini mama alikuwa na njaa yake peke yake. Kaka yangu alikuwa amevuka mpaka. Wengine watasema alikuwa shifta. Mimi nasema alivuka, na sitamwomba mtu yeyote radhi kwa neno hilo. Aliondoka asubuhi moja baada ya askari kuwachukua ngamia wote wa mjomba wetu kwa kosa la watu asiowajua, na tangu siku hiyo hatukupata neno lake. Sasa, ng'ambo ya mpaka kulikuwa na stesheni iliyotangaza kwa Kisomali kila alasiri, na mwishoni mwa matangazo ilisoma salamu. Waliovuka walisalimia makwao. Hawakutaja majina kamili, walitumia majina ya utani na alama za ukoo ambazo wa nyumbani wangezitambua. Mama alikuwa anangoja salamu moja tu. Kama ingekuja, mwanawe alikuwa hai. Hakukuwa na njia nyingine ya kujua.

Katika mwaka wa pili wa vita vile, ambavyo serikali iliviita vya shifta, akaja sajenti. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwenye sauti ya upole ambayo haikupatana na buti zake. Alisimama kwenye mlango wa ua wa miiba, redio ikinguruma, wanawake wakajifanya hawamwoni.

"Mama," akasema, "hiyo stesheni imekatazwa. Mimi naisikia kutoka barabarani. Nikiisikia tena naichukua, na mkubwa wangu anaweza kukuchukua na wewe."

Mama alinigeukia. Nikamtafsiria kwa kupiga kelele sikioni mwake.

"Mwambie sijamsikia," akasema mama.

Sajenti alipoambiwa hivyo akatabasamu kidogo, akatoa methali, kama wafanyavyo watu wa serikali wanapotaka kutisha kwa adabu. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Nikatafsiri. Mama akafikiri. "Mwambie mimi sisikii la mkuu wala la mdogo," akasema, "ndiyo maana naongeza sauti."

Hilo sikulitafsiri. Nilimwambia sajenti kwamba mama amesema asante.

Alipoondoka nilimsihi mama. Nilimwambia, "Hooyo, tuipunguze kidogo tu, wanawake watasogea karibu." Alinijibu kwamba wanawake wanaweza kusogea hadi waingie ndani ya redio, lakini yeye hatasikia. "Ukipunguza, mtoto wangu atapita mbele yangu na sitajua kapita," akasema. Akakifunika kinobu kwa kiganja. Niliona hofu usoni mwake kwa mara ya kwanza tangu kaka aondoke. Nikakasirika. Sikuwa na hasira na sajenti peke yake, nilikuwa na hasira na kila kitu kilichomfanya mwanamke yule aogope kinobu.

Ndipo nikazitoa hedifoni za baba.

Redio yetu ilikuwa na kitundu pembeni. Ukichomeka plagi hapo, spika inanyamaza na sauti yote inapita kwenye waya. Kwa mtu mwenye masikio mazima hiyo ingetosha. Lakini hedifoni za baba zilitengenezwa kwa mitambo mikubwa ya zamani, zilitaka kusukumwa kwa nguvu, na ile transista yetu ilikuwa inazipulizia tu. Nilizivaa mimi, nikasikia sauti kama ya mtu anayeongea chini ya blanketi. Mama alizivaa, akasema zinambana na hazisemi kitu.

Kwa hiyo nilihitaji kitu cha katikati, cha kuipokea sauti ndogo na kuitoa kubwa. Nilichukua transista mbili kutoka redio iliyokanyagwa na ngamia, betri za tochi, na vikorokoro vingine vya sandukuni, nikavilehemu ndani ya kopo la samli. Nilichagua kopo kwa sababu bati huzuia makelele ya nje, na pia kwa sababu hakuna askari anayeshangaa kuona kopo la samli katika nyumba ya Msomali. Nilitoboa tundu moja la waya wa kuingia, moja la waya wa kutoka, na la tatu la kinobu.

Kinobu ndicho kilichonitesa. Cha kwanza nilikitoa kwenye chombo cha baba cha kupimia betri. Kilizunguka vizuri, kikateleza kama kimepakwa mafuta. Nilimvika mama hedifoni, nikakisogeza kidogo sana, na mama akaruka kutoka kwenye mkeka akizing'oa kichwani. Nilikirudisha, kukawa kimya kabisa. Nilikisogeza tena, ngurumo. Kutoka hapo hadi mwisho hapakuwa na tofauti yoyote. Sauti yote ilikuwa imelundikana mlangoni, na chumba kimebaki kitupu.

Baba aliwahi kunieleza jambo hilo na nilikuwa nimelisahau. Mkono huhesabu sawasawa, hatua kwa hatua, lakini sikio halihesabu hivyo. Sikio huona tofauti kubwa kati ya ukimya na mnong'ono, na tofauti ndogo kati ya kelele na kelele zaidi. Ndiyo maana kinobu cha sauti hutengenezwa makusudi kipande polepole mwanzoni, kisha kikimbie mwishoni, na hapo ndipo mtu husikia kwamba kinapanda sawa. Ukichukua kinobu cha kazi nyingine ukakiweka kwenye masikio ya mama yako, utamtoa roho. Nilikwenda kwa Mwarabu mmoja mwenye duka karibu na msikiti, aliyekuwa na redio kubwa iliyokufa ikitumika kama meza ya mizani. Aliniachia niking'oe kinobu chake. Kilikuwa kimejaa vumbi na kilikwaruza kila kilipozungushwa, nikakisafisha kwa spiriti hadi kikanyamaza.

Ukabaki waya.

Redio ilibidi ikae chumba cha ndani, ndani ya gunia la mtama, isionekane. Waya niliokuwa nao ulikuwa wa taa ya baiskeli, mfupi na mgumu. Ungemlazimu mama akae chumbani kwenye joto, uso ukiangalia gunia. "Unifunge kamba kama mbuzi wa Idi?" akauliza. Alitaka kukaa mahali pake, mlangoni, wanawake wakiwa mbele yake. Hapo ndipo niliporudi kuutamani ule waya wa jeshi. Ungefika mlangoni na kubaki. Jioni moja, jua likiwa bado juu, nilisimama karibu na kipande kirefu, punda wangu akila majani, na nikajua kwamba nikiinama tu nitakuwa nimepata. Sikuinama. Nilikuwa nimezoea kuambiwa kwamba kila kilicho hapa ni cha serikali, hata sisi. Kwa hiyo niliwaachia waya wao, nikaona hata kuuchukua ni kuwapa heshima wasiyostahili.

Nikaunga nyuzi za kengele za milango zilizokuwa sandukuni mwa baba na vipande vya waya wa baiskeli, fundo juu ya fundo, hadi ukafika mlangoni. Mama akavaa. Kulikuwa na sauti, ndiyo, lakini juu yake kulikuwa na kitu kingine, ti-ti-taa-ti, bila kukoma.

"Nani huyu anayegonga?" akauliza mama.

Alikuwa mpiga simu wa kambi. Waya mrefu usio na ngao hudaka kila kitu kinachopita hewani, na mtambo wa kambi ulikuwa karibu kuliko stesheni yoyote ya ng'ambo. Tulikuwa tumewategea askari mtego na tumewanasa, na hatukuwataka. Baba angecheka hadi alie.

Dawa ilikuwa waya wenye ngao, ule ambao uzi wa ndani umezungukwa na wavu wa shaba, makelele yakija yanaishia kwenye wavu. Garissa nzima nilijua sehemu mbili zenye waya wa namna hiyo. Mojawapo ilikuwa kambi. Nyingine ilikuwa kipaza sauti cha zamani alichokuwa nacho mwalimu wa shule, mtu wa bara, Mkristo, ambaye alikuwa amekitumia kuhubiri siku za sikukuu hadi kikafa. Nilimwendea mkewe, maana redio yao nilikuwa nimewahi kuitengeneza. Hakuniuliza waya ni wa nini. Aliukunja taratibu, akaufunga kwenye leso, akanipa pamoja na mayai. Watu wanapozungumza juu ya miaka ile kana kwamba kila mtu wa bara alikuwa na bunduki mkononi, mimi humkumbuka mwanamke yule.

Alasiri ya siku iliyofuata kila kitu kilikuwa tayari. Redio ilikuwa ndani ya gunia, kopo lilikuwa chini ya mkeka, waya ulipita ukingoni mwa ukuta, na mama alikuwa mlangoni na chuma cha baba kichwani juu ya shungi lake. Nilizungusha kinobu polepole. Uso wake ukafunguka. "Naam," akasema. "Naam. Hapo hapo."

Ua ulikuwa kimya. Nilitoka hadi barabarani, nikatega sikio, sikusikia kitu. Nilijiona nimemshinda sajenti na mkubwa wake na mkubwa wa mkubwa wake. Nilirudi nikitembea kwa madaha.

Nilipofika kwenye ua nilimsikia mama.

"Mvua imenyesha Lafey!" alikuwa akitangaza. "Malisho yameota upande wa mashariki! Kuna ugonjwa wa mbuzi, msiwanunue wanaokohoa!"

Mtu akizibwa masikio kwa hedifoni hajui anavyosema kwa sauti kubwa, na mama hata bila hedifoni hakuwahi kujua. Alisikia neno, akalitoa, na alilitoa kwa nguvu ya spika tano. Wanawake walikuwa wameacha kusuka, wamemkodolea macho. Nilikimbia nikamvua.

"Hooyo, unafanya nini? Hizi ni za kusikiliza peke yako!"

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Peke yangu?" akauliza. "Wamekaa mbele yangu, mtoto wa huyu yuko ng'ambo, mume wa huyu yuko ng'ambo, halafu mimi nile habari peke yangu wao wakinitazama mdomo? Baba yako alikufundisha waya, adabu hakukufundisha?"

Nilimweleza habari ya sajenti. Nilimweleza kwamba nimefanya kazi siku nyingi ili redio isisikike. Akasema redio haisikiki, nimefanya vizuri, sasa nimrudishie chuma chake. Nilikuwa nimefanya kosa ambalo hata mtu wa kabila jingine asingelifanya. Nilimtengenezea Msomali chombo cha kusikia habari peke yake.

Sajenti alikuja baada ya siku chache. Alisikia sauti kutoka barabarani, akaingia kwa haraka, akakuta mwanamke mzee mlangoni na vipande vya chuma masikioni akieleza bei ya ng'ombe. Alitafuta redio kwa macho. Akaweka sikio ukutani. Kimya. Mama alikuwa amekwisha kumwona lakini hakukatiza, alimaliza kwanza habari ya ng'ombe.

"Ni nani anaongea?" sajenti akaniuliza.

"Ni mama yangu."

"Na hivyo vitu?"

"Ni vya marehemu baba. Alikuwa askari kama wewe."

Alisimama akifikiri. Amri yake ilikataza stesheni isisikike. Haikukataza mwanamke mzee kupiga domo mlangoni kwake. Nadhani alijua kila kitu, hakuwa mjinga. Akatikisa kichwa, akasema, "Mama, wewe ni taabu," akaenda zake. Mama akauliza amesema nini. Nikamwambia amemsifu.

Tulikaa hivyo msimu mzima wa kiangazi. Salamu za watu zilikuja. Mwanamke mmoja aliyekuwa akisuka mkeka alisikia jina la utani la mumewe kinywani mwa mama, akaanguka juu ya kazi yake akilia, wenzake wakamshika. Mwingine alipata ya mwanawe. Kila salamu zilipoanza, mama aliinua kidole, na mimi nikakipandisha kinobu kidogo. Ya kaka haikuja. Mama alizisoma za wengine zote, mpaka ya mwisho, kisha akavua chuma na kukaa akikitazama mapajani. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni kwamba amekufa. Sikumwambia.

Halafu ikatoka amri ya kukusanya redio zote za mtaa wetu. Safari hii sajenti alikuja na wenzake, na hawakuweka sikio ukutani. Walimwaga gunia la mtama, wakaiona. Mmoja aliliokota kopo kutoka chini ya mkeka.

Mama alimpokonya. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini alikitoa chote. "Hii habana redio," akasema. "Hii kobo ya samli. Wewe nataka samli? Nenda chunga ng'ombe yako."

Askari yule akamtazama sajenti. Sajenti aliliangalia kopo, na tundu zake, na kinobu kilichotokeza ubavuni, akageuza uso. "Ni kopo la samli," akasema. Wakaondoka na redio.

Siku ile wanawake hawakuja. Siku ya pili, baada ya alasiri, mama alinyoosha mkono na kuniambia nimletee chuma chake. Nilimwuliza cha nini. Waya ulikuwa unaishia kwenye gunia tupu.

"Nivike," akasema.

Nikamvika. Alisafisha koo. "Maziwa yamepungua sokoni," akatangaza, "kwa sababu wachunga ngamia wamezuiwa barabara ya Wajir. Mnada wa Griftu haukufanyika." Yote yalikuwa kweli. Asubuhi ile alikuwa amekaa na wauza maziwa waliotoka porini, mmoja mmoja, akawauliza "Warran?", nao wakampigia kelele sikioni kila walichojua. Wanawake walisikia sauti yake, wakachungulia juu ya miiba, wakaja na mikeka yao. Nilimwambia jioni kwamba angeweza kuyasema hayo bila chuma kichwani. Akanijibu, "Bila hiki mimi ni kikongwe mwenye domo. Nikikivaa mimi ni redio."

Tangu siku ile hakukosa alasiri hata moja. Waliokuwa wanakuja mjini kwa siri walijua kwa nani wapitie. Mtu aliyekutana na mtoto wa fulani huko porini alimletea mama neno, na mama alilisoma mwishoni, mahali pa salamu, kidole kikiwa juu. Sajenti naye aliwahi kusimama kwenye ua, nadhani kwa kuchoka tu, akauliza, "Mama, redio yako inasema mvua itanyesha lini?"

"Redio hii habana sema na mtu alichukua ile ingine," mama akamjibu.

Akacheka hadi kofia ikamwanguka. Mimi sikucheka. Alikuwa mtu mwema kadiri kazi yake ilivyomruhusu, na kazi yake haikumruhusu vya kutosha.

Siku moja nilimwuliza mama kwa nini hajasoma salamu ya kwetu. Angeweza kuitunga, nikasema, nani angejua. Alikasirika. Akasema habari haitungwi. Wa kuleta neno la mwanangu hajafika, akasema, na mimi sitamwekea mwanangu maneno mdomoni, pengine mdomo wenyewe umejaa mchanga. Ndiyo mara pekee aliyosema hivyo.

Sasa nisimulie alasiri ile kama ilivyokuwa. Wanawake walikuwepo wote. Mama alikuwa amefika kwenye salamu, amesoma mbili. Akazishika hedifoni kwa mikono miwili na kuzikandamiza. Akaniita bila kunitazama.

"Ongeza sauti."

Waya ulikuwa umefungwa kwenye gunia tupu. Betri za kopo zilikuwa zimekwisha siku nyingi. Wanawake wote walijua, na mimi ndiye niliyejua zaidi. Nilipiga magoti, nikaingiza mkono chini ya mkeka, nikakizungusha kinobu polepole, kile cha Mwarabu, kinachopanda sawa, hadi kikagota.

"Naam," akasema mama. "Hapo hapo." Akasikiliza. Kisha akatangaza, kwa sauti ambayo nina hakika ilifika darajani, kwamba kijana wa nyumba hii, yule mwenye kovu la ndama wa ngamia kwenye goti, anamsalimu mama yake na dada yake, yu hai, asilie mtu.

Wanawake wakasema alhamdulillahi. Hakuna aliyeangalia waya.

Sikumwuliza nani alileta habari ile, kwa sababu nilijua asubuhi hakuja mtu. Nadhani alichoka kungoja, akaivunja sheria yake mwenyewe. Nadhani hivyo. Na kama kuna mtu anataka kunicheka au kumcheka, anitafute, bado nina chuma cha kulehemu.

Amani ilipotangazwa, waliovuka wakaanza kurejea. Kaka alikuja na lori la chumvi, amekonda, ndevu zimejaa, anachechemea. Mama alimshika uso, akamshika goti, akalitafuta kovu kwa kidole. Tulikaa mlangoni, tukampa chai na maziwa, na alipopata nguvu ya kuzungumza akaanza kuomba radhi. Alisema kwa muda mrefu alikuwa mgonjwa, hakuweza kuifikia stesheni. Alipoweza, alituma salamu, si mara moja. Lakini wakati huo alikuwa amekwisha kusikia kwamba redio zote za Garissa zimechukuliwa.

"Nilijua hamtasikia," akasema. "Hamkuwa na redio."

Nilimpigia mama maneno hayo sikioni. Akamtazama mwanawe kwa dharau aliyokuwa akiwatazamia askari.

"Nani amekwambia hatukuwa na redio?" akauliza. "Nilikusikia. Ila sauti ilikuwa ndogo. Dada yako huyu ana tabia ya kupunguza."